Mwenyekiti wa baraza la usuluhishi wa ndoa hajibu, na maelezo yangu ya siri yamesambaa mtaani: nifanye nini?

Muuliza swali, Mwanza

Habari zenu, ndugu zangu. Naomba ushauri kwa wanaoifahamu Sheria ya Ndoa au waliowahi kupita kwenye baraza la usuluhishi la kata, kwa sababu jambo langu limefika mahali ambapo sijui kama napaswa kuendelea kusubiri au kuna njia nyingine.

Mimi na mume wangu tulifunga ndoa kanisani mwaka 2012 na tuna watoto wawili. Tumetengana tangu mwaka jana. Kwa kuwa nilielezwa kwamba mahakama haipokei shauri la talaka mpaka wanandoa wapite kwanza kwenye baraza, nilipeleka malalamiko yangu katika baraza la kata tunakoishi. Kikao cha kwanza kilifanyika na sote wawili tulihudhuria. Nilisikilizwa vizuri, na mwenyekiti alituhakikishia kwamba yatakayosemwa pale yatabaki pale. Kwa kuliamini neno hilo nilieleza kila kitu, na baadaye nikayaandika kwa mkono kama nilivyoagizwa, ukiwemo ugonjwa nilioupata baada ya kujifungua mtoto wa pili, ambao hata ndugu zangu wa damu hawaujui.

Tangu wakati huo mwenyekiti hapatikani. Simu inaita bila kupokelewa, ujumbe unasomwa bila kujibiwa, na nikienda ofisi ya kata naambiwa kwamba daftari liko kwa mwenyekiti na mwenyekiti amesafiri, au yuko msibani, au nirudi Jumatatu. Mume wangu aliitwa kikao cha pili na akasema waziwazi kwamba hatakanyaga tena pale. Sijapewa hati yoyote.

Linaloniumiza kuliko yote ni kwamba picha ya ukurasa wa maelezo yangu imezunguka kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu. Mwandiko ni wangu, sahihi ni yangu, na pembeni kinaonekana kidole gumba cha mtu aliyeshikilia karatasi wakati wa kupiga picha. Mwanangu mkubwa yuko darasa la saba, na ameonyeshwa picha hiyo na mtoto wa jirani. Sijui aliyeipiga ni nani na sipendi kumtuhumu mtu bila ushahidi, lakini karatasi ile niliikabidhi mikononi mwa baraza, si mahali pengine.

Kabla hajaacha kupokea simu, mwenyekiti alikuwa ameniagiza nipeleke nakala ya hati ya kiwanja na taarifa ya akaunti yangu ya benki ili baraza lione namna ya kugawanya mali. Sijavipeleka. Je, nikatae? Je, naweza kwenda mahakamani bila hati ya baraza hili? Na kuhusu siri yangu iliyotoka, kuna mahali pa kulalamika ambapo nitasikilizwa?

Msaidizi wa kisheria, Dodoma

Pole sana, dada au mama, vyovyote unavyopenda kuitwa. Nitaanza na lililo jepesi kulijibu, yaani hati ya kiwanja na taarifa ya benki. Usizipeleke. Baraza la usuluhishi wa ndoa halina mamlaka ya kugawa mali. Kazi yake ni kujaribu kuwapatanisha, na likishindwa, kueleza hivyo kwa maandishi. Mgawanyo wa mali zilizopatikana kwa juhudi za pamoja ni kazi ya mahakama chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na hata huko huangaliwa mchango wa kila mmoja, ukiwemo ule wa kazi za nyumbani, kama Mahakama ya Rufani ilivyoeleza mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Nyaraka hizo utazihitaji huko, na huko zitapokelewa kama vielelezo na kuandikwa kwenye kumbukumbu za shauri. Ukizikabidhi sasa kwa ofisi ambayo tayari karatasi yako moja imeonekana kwenye simu za watu, utakuwa unaongeza hatari bila faida yoyote ya kisheria.

Kuhusu hati ya baraza. Kifungu cha 101 kinasema kwamba hakuna mtu atakayefungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapelekwa kwenye baraza na baraza likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Wengi husoma hapo na kuishia hapo, wakadhani mwenyekiti ameshika ufunguo wa mahakama. Endelea kusoma mpaka kifungu cha 104. Kinasema kwamba baraza likishindwa kuumaliza mgogoro kwa kuwaridhisha wahusika, litatoa hati inayoeleza matokeo yake. Kipimo ni kuridhika kwenu ninyi wanandoa, si kuridhika kwa mwenyekiti, wala sheria haikumpa nafasi ya kuamua kwamba ndoa yenu bado inaweza kupona ilhali mmoja wenu anasema imekwisha na mwingine amekataa kurudi kikaoni.

Jambo la pili, ambalo naona linasahaulika karibu kila mahali, ni kwamba mwenyekiti si baraza. Kwa mujibu wa kifungu cha 103 baraza ni mwenyekiti pamoja na wajumbe wasiopungua wawili na wasiozidi watano. Kwa hiyo acha kumpigia simu mtu mmoja. Andika barua kwa baraza, kupitia kwa Mtendaji wa Kata, ukieleza tarehe uliyofungua malalamiko, tarehe ya kikao mlichohudhuria wote, tarehe ya kikao ambacho mwenzako hakutokea, na ombi lako moja tu: kupewa hati chini ya kifungu cha 104. Chapisha nakala mbili. Moja ibaki ofisini, na nyingine irudi mikononi mwako ikiwa na muhuri wa kupokelewa, tarehe na sahihi ya aliyeipokea. Ukinyimwa muhuri, itume kwa njia ya posta kwa rejista na utunze stakabadhi. Barua iliyogongwa muhuri ina nguvu ambayo simu mia zisizopokelewa hazina, kwa sababu kuanzia hapo ukimya wa baraza unakuwa na tarehe.

Ukipita muda wa kutosha bila jibu, ipeleke nakala ya barua hiyo kwa mwanasheria wa halmashauri na kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya. Wao hawatoi hati badala ya baraza, lakini nimeona mara kwa mara barua kutoka halmashauri ikilifufua daftari lililokuwa limesafiri.

Kuhusu siri, nisikudanganye. Mwenyekiti aliposema kwamba yatabaki pale, aliahidi zaidi ya uwezo wake, kwa kuwa hati yenyewe hueleza matokeo ya baraza, na baraza linaruhusiwa kuambatisha mapendekezo yake, na vyote hivyo vinaingia mahakamani. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya jambo kufika mbele ya hakimu kwa utaratibu na jambo kufika kwenye kundi la mtaa. Hilo la pili halina utetezi. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na ya familia yake, na tangu tarehe 1 Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo inazipa taarifa za afya uzito wa pekee. Malalamiko hupelekwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kama ingekuwa ni maneno ya mdomo tu ingekuwa vigumu kuthibitisha, lakini wewe una picha ya karatasi ambayo mtunzaji wake anajulikana. Ihifadhi picha hiyo pamoja na tarehe na saa ilipotumwa, namba iliyoituma, na jina la kundi. Usijitoe kwenye kundi hilo kabla hujahifadhi hayo yote.

Jambo la mwisho: matunzo ya watoto hayasubiri hati wala talaka. Unaweza kuyaomba mahakamani leo chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Na kama katika maelezo yako kuna kipigo au vitisho, nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Jambo la namna hiyo si la kusuluhishwa barazani. Kifungu cha 66 cha Sheria hiyohiyo ya Ndoa kinatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake.

Mjumbe mstaafu wa baraza, Tanga

Mwanangu, pole kwa yaliyokufika. Niliketi barazani kwa miaka mingi na naomba niseme machache, mengine yakiwa tofauti kidogo na ya msaidizi hapo juu.

Nakubaliana naye kabisa kuhusu barua na muhuri. Nisilokubaliana nalo ni kuruka moja kwa moja hadi halmashauri. Wajumbe wengine wa baraza lako wapo, wanaishi kata hiyohiyo, na kwa kawaida mmoja wao ndiye anayeandika mwenendo wa kikao. Nenda kwa mjumbe huyo pamoja na mtu mzima wa familia yako, mwonyeshe nakala ya barua iliyogongwa muhuri, umwombe aitishe kikao. Wenyeviti wengi hukaa kimya kwa sababu wanaogopa kuonekana wamevunja ndoa. Nimewasikia wakisema hivyo waziwazi: wanadhani wakichelewesha, hasira zitapoa na watu watarudiana. Nia inaweza kuwa njema, lakini anayeumia ni yule anayesubiri, na sheria haikuwapa kazi ya kusubirisha watu. Mjumbe mwenye busara akiliona hilo atamkumbusha mwenzake bila nyie kufika kwenye mashitaka.

Kuhusu karatasi yako, mdai Mtendaji wa Kata akuonyeshe ilipo asili yake. Sisi tulikuwa na sanduku lenye kufuli, na funguo zilikuwa kwa mtu mmoja aliyefahamika. Mahali ambapo daftari huenda nyumbani kwa mwenyekiti, likalala kwenye meza ya sebuleni, kila mgeni anayeingia anaweza kulifungua, na huenda hata mwenyekiti mwenyewe hajui ni nani aliyepiga picha. Hilo halimwondolei dhamana, kwa maana aliyepokea siri ndiye mwenye wajibu wa kuitunza, lakini linakusaidia wewe kuandika malalamiko kwa haki: lalamikia utunzaji mbovu wa kumbukumbu, ambao una ushahidi, kuliko kumtaja mtu usiyekuwa na hakika naye.

Na neno moja kwa wengine wanaosoma hapa kabla ya kwenda barazani. Baraza halihitaji kujua maradhi yenu, mishahara yenu wala mambo ya chumbani yote ili litambue kama mnaweza kupatana au la. Inatosha kusema kwamba mmetengana tangu lini, kwa sababu gani kwa ufupi, na kama uko tayari kurudiana. Kama jambo la siri ni la lazima, omba liandikwe kwa ujumla, kwamba mlalamikaji alieleza suala la kiafya, na maelezo kamili uyatoe mahakamani. Vilevile ombeni kikao kifanyike mahali ambapo dirisha halipakani na benchi la wanaosubiri. Ni ombi dogo na wajumbe wengi hulikubali.

Mwanamke wa Kisauni, Mombasa

Dada, pole. Sheria zetu ni tofauti, kwa hivyo sitakushauri kuhusu hati, ila nikueleze namna jambo hili linavyoendeshwa huku, kwa kuwa linaonyesha kwamba unachokidai si makubwa. Kenya ilianzisha upatanishi unaoendeshwa chini ya mahakama mwaka 2016, ukianzia Milimani jijini Nairobi katika vitengo vya familia na biashara. Faili likipelekwa kwa mpatanishi, anapewa siku 60 kuumaliza mchakato, na akiona muda hautoshi hurudi kuomba nyongeza. Wahusika wakishindwa kuelewana, mpatanishi huripoti tu kwamba hawakuelewana, na kesi inarudi kwa hakimu au jaji. Yaliyosemwa pale, pamoja na maandishi ya mpatanishi mwenyewe, hayatumiki kama ushahidi.

Nilipitia huko mimi mwenyewe, na lililonipa amani ni kwamba kabla ya neno la kwanza kutamkwa, sote tulitia sahihi karatasi ya kutunza siri, yeye mpatanishi akiwemo. Sijui kama baraza lenu laweza kulazimishwa kufanya hivyo, lakini sioni kinachowazuia kulifanya kwa hiari.

Muuliza swali, Mwanza

Nawashukuru wote kwa dhati. Barua nimeiandika kama mlivyonielekeza, na Mtendaji wa Kata ameipokea na kugonga muhuri kwenye nakala yangu. Mjumbe anayeandika mwenendo amekubali kuzungumza na wenzake, ingawa hakunipa tarehe.

Naomba kufafanua mambo mawili. Mume wangu sasa anafanya kazi Geita na namba yake ninayo, kwa hiyo siwezi kusema hajulikani aliko. Wito wa kikao cha pili ulipelekwa na mgambo, akaupokea na kutia sahihi, kisha hakuja. Je, kuhudhuria kwake kikao cha kwanza kunaharibu hoja kwamba amekataa? Na kama baraza hili likiendelea kukaa kimya, naweza kuchukua barua ya kanisani kwetu? Mchungaji yuko tayari kuniandikia.

Wakili, Arusha

Nimesoma mjadala wote na nitajibu maswali hayo mawili ya mwisho, kwa sababu ndipo watu hupoteza miaka.

Kifungu cha 101 kina mazingira ambamo shauri linaweza kufunguliwa bila mgogoro kupita barazani: mwombaji ametelekezwa na hajui mwenzake aliko, mwenzake anaishi nje ya nchi na hatarajiwi kuingia nchini ndani ya miezi sita baada ya shauri kufunguliwa, ameitwa na baraza na kwa makusudi hakuhudhuria, amefungwa maisha au kifungo kisichopungua miaka mitano, au yuko kizuizini kwa zaidi ya miezi sita, ana ugonjwa wa akili usiotibika, au mahakama imeridhika kwamba kuna mazingira yasiyo ya kawaida yanayofanya kwenda barazani kusiwezekane. Kwako wewe yanagusa mawili, lile la mwenzi aliyeitwa asiende na hili la mwisho.

Kuhusu la kwanza, wito uliosainiwa ni ushahidi mzuri, nawe umtafute mgambo huyo mapema akubali kuwa shahidi. Lakini mjibu maombi, yaani mume wako, anaweza kusema kwamba alihudhuria mara ya kwanza, akasikilizwa, na kwamba baraza ndilo lililokaa kimya. Ni hoja ambayo hakimu anaweza kuisikiliza, kwa hiyo nisingependa shauri lako lote lisimame juu ya mguu huo mmoja. Kuhusu mazingira yasiyo ya kawaida, hapo mahakama ina hiari, na hiari huhitaji kushawishiwa kwa nyaraka: barua yako yenye muhuri, ukumbusho wake, jibu lolote la halmashauri, na picha iliyosambaa kama sababu ya wewe kushindwa kurudi kusema mbele ya baraza lilelile. Nyaraka hizo zikikaa pamoja zinaeleza jambo moja, kwamba ulilitumia baraza kwa nia njema na likakufungia mlango.

Hata hivyo njia iliyo salama zaidi ni kuipata hati. Nasema hivyo kwa sababu Mahakama ya Rufani, katika Rufaa ya Madai namba 246 ya mwaka 2019 kati ya Hassani Ally Sandali na Asha Ally, ilisisitiza kwamba shauri la talaka lililofunguliwa bila hati halali ya baraza limefunguliwa kabla ya wakati wake. Fikiria kushinda mahakama ya chini, ukashinda rufaa ya kwanza, kisha yote yakafutwa kwa ajili ya karatasi iliyokosekana mwanzoni. Kwa hiyo lisukume baraza kwa barua ya ukumbusho, na njia ya mzee wa Tanga ya kupitia kwa wajumbe iende sambamba na ile ya halmashauri, hazigongani.

Barua ya mchungaji inategemea jambo moja. Sheria inamruhusu waziri kuteua kamati ya jumuiya fulani, zikiwemo za dini, kuwa baraza la usuluhishi kwa waumini wake. Muulize mchungaji kama kanisa lenu lina kamati iliyoteuliwa kwa namna hiyo, na akuonyeshe uteuzi huo. Kama ipo, nanyi wote wawili ni waumini wa kanisa hilo, peleka malalamiko mapya huko, mume wako aitwe kwa maandishi, kikao kifanyike, na hati itolewe na kamati. Kama haipo, barua ya mchungaji, hata iwe na maneno mazuri kiasi gani, si hati ya baraza, na usiitegemee kufungulia shauri.

Siku utakayoipata hati, kutoka kwa baraza lolote, isome palepale kabla ya kuondoka. Hakikisha majina yote yameandikwa kama yalivyo kwenye cheti cha ndoa, tarehe za vikao ni sahihi, imetamkwa wazi kwamba baraza limeshindwa kuwapatanisha, na mwenyekiti ametia sahihi na kugonga muhuri. Ukikuta wameandika ugonjwa wako ndani yake, omba ibadilishwe isomeke kwamba suala la kiafya lilijadiliwa, kwa kuwa maelezo hayo hayahitajiki ili hati iwe halali. Kisha usikae nayo nyumbani. Kifungu cha 106 kinataka hati iwe imetolewa si zaidi ya miezi sita kabla ya shauri kufunguliwa, na ikipita hapo utarudishwa barazani kuanza upya.

Ukishafungua shauri, unaweza kumwomba hakimu sehemu ya ushahidi inayohusu afya yako isikilizwe faraghani. Ombi hilo lifanye mapema, siku shauri linapotajwa, kabla hujapanda kizimbani. Kama gharama za wakili ni mzigo, omba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Halmashauri yako inapaswa kuwa na msajili msaidizi atakayekuelekeza kwa watoa msaada waliosajiliwa. Malalamiko ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo yaende kwa faili lake, usiyachanganye na la talaka, maana yule unayemlalamikia huko ni baraza na huku ni mume wako, na kila mmoja atajibu la kwake.